Matimbo Yaliyoachwa, na Maji ya Malindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali tunayoulizwa kila siku kwenye baraza za chifu, nje ya msikiti na kanisa, na hasa kisimani. Tumeyapanga kuanzia yale ya kila mtu hadi yale ya wachache. Palipo na jibu tayari, tumetaja nambari ya swali badala ya kurudia.

## Ya kuanzia

1. Timbo lililoachwa ni lipi hasa?

Ni shimo lolote la kuchimba mawe, kokoto, mchanga au madini ambalo kazi yake imesimama na hakuna aliyeirudisha ardhi katika hali ya usalama. Miaka si kipimo. Timbo ambalo wakataji walihamia upande wa pili wa shamba mwaka jana limeachwa sawasawa na lile la enzi za babu, ikiwa kingo zake bado ziko wima, halina uzio, na malori ya taka yanaingia usiku.

Kwetu yako ya aina tatu. Kuna ya mawe ya matumbawe katika ukanda unaofuata pwani kutoka Watamu na Gede hadi Malindi. Kuna mashimo ya mchanga kando ya Mto Sabaki. Na ndani zaidi ya Kaunti ya Kilifi kuna sehemu zilizochimbwa madini yenyewe, kama risasi. Sehemu kubwa ya majibu haya ni ya aina ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyo jirani na visima vya watu wengi.

2. Hapa palikatwa mawe tu, hapakutumika kemikali. Shimo tupu linachafuaje maji?

Swali hili huleta ubishi mwingi, na lina haki ya jibu refu.

Jiwe la matumbawe lina matundu na nyufa. Penye udongo mzito, maji ya mvua hushuka polepole na kuchujwa njiani. Kwetu hupita kwenye nyufa kwa kasi na kufika chini karibu vile yalivyoanguka. Kinga tuliyo nayo ni ule udongo wa juu pamoja na mita chache za jiwe, na vitu hivyo viwili ndivyo mkataji huondoa. Wengi huacha kukata wanapofika kwenye unyevu, maana yake sakafu ya timbo iko karibu kabisa na maji yanayonywewa kijijini.

Ingia kwenye timbo lililokuwa na mashine ya kukata. Pale jenereta ilipoegeshwa utakuta doa jeusi juu ya jiwe jeupe. Mwaga kopo la maji juu yake: yatazama mara moja, na utando wa mafuta wenye rangi rangi utayafuata ndani ya ufa. Sasa fikiria nepi, betri kuukuu, mabaki ya bucha, na lori la kunyonya vyoo linalomwaga hapo hapo ili dereva asiende mbali. Hakuna kitu kati ya uchafu huo na kisima cha jirani.

Kuna na jambo la chumvi. Maji yetu matamu yanaelea juu ya maji ya bahari ndani ya jiwe, kwa sababu ni mepesi zaidi. Kwa kukadiria, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia mita 40 hivi chini yake. Mkandarasi akipiga pampu timbo likauke ili akate zaidi, akashusha maji hata kidogo, bahari inapanda kutoka chini kwa kiasi kikubwa zaidi. Visima vya karibu huanza kuwa na chumvi, na chumvi ikishaingia kwenye jiwe haitoki kwa msimu mmoja.

3. Nitajuaje kama kisima changu kimeguswa?

Zipo dalili. Maji kubadilika rangi siku moja au mbili baada ya mvua kubwa. Harufu ya mafuta au ya mayai mabovu. Chumvi inayozidi wakati wa bamvua kuliko wakati wa maji mafu. Watoto wa nyumba zinazochota kisima kimoja kuharisha kwa pamoja.

Lakini usitegemee ulimi. Risasi haina ladha wala harufu, na naitreti inayotoka kwenye vyoo na taka haina pia. Maji meupe, baridi na matamu yanaweza kuwa ndiyo mabaya kuliko yote.

Kipimo ni maabara. Afisa wa afya ya umma wa wadi anaweza kuchukua sampuli, na Mkemia wa Serikali ana maabara Mombasa. Chupa ya kupimia vijidudu lazima itoke maabara ikiwa safi, iwekwe kwenye barafu na ifike siku hiyo hiyo. Chupa ya kupimia madini ni nyingine. Waambie mnachotafuta: bakteria wa kinyesi, naitreti, chumvi, mafuta, na risasi kama mnayo sababu ya kuishuku. Ukisema tu "nipimieni maji," utapimiwa vijidudu na kurudi nyumbani ukiamini yote yamekwisha. Pimeni mara mbili, wakati wa kiangazi na tena baada ya mvua za kwanza za masika, kwa maana uchafu mwingi hushuka na mvua hizo za kwanza.

4. Nikichemsha maji au nikitia dawa ya klorini, si yatosha?

Kwa vijidudu, ndiyo, na usiache kufanya hivyo. Kwa risasi, naitreti, chumvi na mafuta, hapana. Kuchemsha hupunguza maji na kuacha vitu hivyo ndani ya sufuria, kwa hivyo vinazidi kuwa vikali. Hili twalisema kwa uzito kwa akina mama wanaowakorogea watoto wachanga maziwa ya unga: naitreti ikiwa nyingi huzuia damu ya mtoto kubeba hewa inavyopasa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha naitreti kuwa miligramu 50 kwa lita. Kisima kikizidi hapo, mtoto mchanga atafutiwe maji mengine hata kama ni kununua mtungi mmoja kwa siku.

5. Na ile migodi ya risasi ya Vitengeni na Kinangoni? Ni tatizo lile lile?

La, na tafadhali msiyachanganye. Kwenye mgodi wa madini, hatari kubwa iko kwenye lile vumbi na mabaki ya mawe yaliyosagwa na kurundikwa nje, kuliko kwenye shimo lenyewe. Penye mawe yenye salfa, hewa na mvua vikikutana nayo hutengeneza asidi, na asidi huyeyusha metali na kuzipeleka kwenye vijito. Penye chokaa nyingi, kama jiwe letu la matumbawe, asidi huvunjwa nguvu. Hapo risasi huyeyuka kidogo, ila husafiri kama vumbi na tope: kwenye mikono ya watoto, kwenye sakafu za nyumba, kwenye maji ya mafuriko.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Inaathiri ubongo. Kikomo chake kwenye maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita. Kwa hiyo rundo la mabaki ya mgodi wa risasi haliguswi na wanakijiji kwa koleo, halichukuliwi kujazia barabara wala kufyatulia matofali. Kazi hiyo ni ya wataalamu na serikali. Kazi yenu nyinyi ni kuwazuia watoto na mbuzi wasifike hapo, kupima damu za watoto, na kupiga kelele (swali la 13).

## Kusafisha kwenyewe

6. Tumeamua kusafisha timbo letu la mawe. Tuanzie wapi?

Anzeni kwa kufunga njia. Kikundi kinachookota taka Jumamosi huku lori likimwaga Jumapili kitachoka na kuvunjika, na tumeona vikivunjika. Wekeni mawe makubwa pale malori yanapoingilia, mkubaliane na mwenye shamba na mzee wa kijiji nani atakayeangalia usiku.

Kisha zuieni maji ya juu. Chimbeni mtaro na kuinua tuta upande wa mlima ili mvua izunguke badala ya kuingia. Kazi hii ya siku chache kwa majembe inasaidia visima kuliko hata miti ya miaka mitano.

Baada ya hapo ndipo mnatoa taka. Vaeni buti na glavu nzito. Tenganisheni mapema: plastiki huku, vyuma huku, betri na vichujio vya mafuta mbali na vyote. Mkikuta sindano, mirija ya damu au dawa, simamisheni kazi sehemu hiyo na mwiteni afisa wa afya. Udongo na mawe yaliyolowa mafuta yachimbwe yatiwe kwenye mapipa. Msiyazike kona nyingine ya timbo lile lile. Msichome chochote. Majivu ya betri na nyaya ni sumu inayosafiri na mvua.

Mwisho kabisa ni sura ya ardhi. Kingo za wima zilazwe ziwe mteremko anaoweza kuupanda mtoto aliyetumbukia. Sakafuni wekeni tabaka la udongo wa mfinyanzi, lishindiliwe, halafu udongo mwekundu wa shamba juu yake. Wakati mzuri ni Januari hadi Machi, kaskazi inapovuma na ardhi ni kavu, ili masika yakifika mtaro uwe tayari na miche iwe inangoja mvua.

7. Kwa nini tusilijaze taka tu, tukafunika kwa udongo? Manispaa haina pa kutupa, na shimo litakwisha.

Shimo halitakwisha. Litakuwa limefichwa. Mvua itapita juu ya taka na kutoka chini ikiwa maji meusi, yatakayoingia kwenye nyufa tulizozieleza katika swali la 2, kwa miaka mingi, na hakuna atakayeweza tena kuyafikia. Dampo halali hutandikwa chini kitu kisichopitisha maji, na yale maji meusi hukusanywa. Timbo la matumbawe halina hata kimoja cha hivyo, na ni mahali pabaya pa dampo kuliko karibu popote pengine katika kaunti hii. Tunajua taka za mji hazina pa kwenda kwa urahisi. Shida hiyo ni ya kweli, na isitatuliwe kwa visima vya watu wa vijijini.

Kujaza kwa mawe vunja, udongo safi na vifusi vya nyumba visivyo na rangi, mbao zilizotiwa dawa wala mabati ya asbesto, hilo linakubalika.

8. Tupande miti gani?

Mfano bora uko Mombasa. Mwaka 1971, René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya chokaa ya Bamburi, ambayo yalikuwa jiwe tupu, jeupe na lenye joto kali. Alijaribu aina 26 za miti na ni 3 tu zilizoishi, mmoja wao mvinje. Mvinje hustahimili chumvi, na mizizi yake huishi na vijidudu vinavyoivuta nitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo hauhitaji udongo wenye rutuba ili uanze. Tatizo lilikuwa majani yake: yalirundikana bila kuoza. Wakaletwa majongoo wekundu, wakayala, kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Leo mahali pale ni msitu wenye samaki na twiga.

Kwetu mvinje una faida nyingine: Malindi na Magarini wanajua kuupanda na soko la nguzo lipo. Ila msifyeke wote kwa pamoja. Vunieni kwa mistari, na kati yake pandeni mwarobaini, mkwaju na miti ya asili ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Majongoo msiwaue.

9. Timbo letu lina maji mwaka mzima. Watoto wanaoga, wengine wanataka kufuga samaki. Tufanyeje?

Kwanza watoto watoke. Ukingo wa wima na maji yasiyoonekana kina chake vimeshaua watoto wengi katika matimbo ya nchi hii. Pili ni kichocho cha mkojo, kinachopatikana pwani yetu: konokono wa maji yaliyotuama hutoa vijidudu vinavyopenya ngozi. Mtoto anayekojoa damu apelekwe zahanati, si aibu na si dalili ya ukubwa. Tatu ni mbu.

Samaki wanawezekana, na tilapia hula viluwiluwi vya mbu. Lakini pimeni maji kwanza (swali la 3), hasa mafuta na metali. Kama palitupwa betri, msifuge samaki wa kula. Na kumbukeni bwawa hilo ndilo maji ya kisima chenu yaliyo wazi: chakula cha samaki kikizidi, kisima kinakunywa.

10. Na mashimo ya mchanga kando ya Sabaki?

Athi na Tsavo zikikutana huwa Galana, na Galana ikikaribia bahari huwa Sabaki, mto wa pili kwa urefu Kenya baada ya Tana. Visima vya Baricho vinavyolisha Malindi, Kilifi na hata Mombasa huvuta maji yaliyo ndani ya mchanga wa mto huo. Mchanga ni tangi na ni chujio. Anayeubeba anabeba vyote viwili.

Shimo kwenye ukingo hulegeza ukingo wote, na mafuriko yakija huchukua mashamba ya migomba. Tope hilo hufika baharini. Wakati wa kaskazi husukumwa kusini kuelekea mji na mbuga ya bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, na matumbawe hai hayapendi kufunikwa na tope. Ni kweli tope jingi la Sabaki linatoka bara, mbali na sisi. Hilo si sababu ya kuongeza letu.

Mwongozo wa uchotaji mchanga uliotolewa mwaka 2007 na NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, unakataza kuchimba kingo za mto. Kukarabati: lazeni kingo, pandeni matete na mianzi chini, miti juu, na muiache sehemu hiyo ipumzike. Fanyeni kazi mchana na kwa kundi, maana viboko na mamba wa Sabaki wanapenda matete hayo hayo.

## Nani awajibike, nani alipe

11. Kisheria ni jukumu la nani?

La aliyechafua kwanza. Sheria ya mazingira ya 1999 (EMCA) inafuata kanuni kwamba mchafuzi ndiye alipe, na inaipa NEMA uwezo wa kutoa amri ya kurejesha mazingira. Sheria ya Madini ya 2016, iliyochukua nafasi ya ile ya 1940, inamtaka mchimbaji mwenye leseni awe na mpango wa kufunga na kurejesha ardhi, na aweke dhamana ya fedha ya mazingira. Kaunti kwa upande wake ina jukumu la taka ngumu na la kuhifadhi udongo na maji.

12. Marehemu baba alikodisha shamba kwa mkandarasi. Amekata mawe, ameondoka. Tutashtakiwa sisi warithi?

Msikae kimya mkingoja. Kusanyeni makubaliano, stakabadhi, jumbe za M-Pesa, picha, na majina ya majirani walioshuhudia. Andikeni barua NEMA nyinyi wenyewe mkieleza nani alikata, lini, na kwamba mmefunga njia ya malori. Familia iliyolalamika na kuzuia uchafu iko mahali pazuri sana kuliko ile iliyokuwa ikipokea pesa kwa kila lori la taka. Na kama mnapokea pesa hizo hata sasa, acheni leo.

13. Tulalamike wapi? Wengi wetu hatuna hati za ardhi.

Hati haihitajiki. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani bila hata kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Maskwota na wenye hati wako sawa hapo.

Anzeni na chifu na afisa wa afya, kwa maandishi, mkibaki na nakala iliyogongwa muhuri. Halafu NEMA ofisi ya kaunti, Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na kwa madini yenyewe ofisi ya madini. Kimya kikiendelea, kuna Kamati ya Kitaifa ya Malalamiko ya Mazingira. Kama ni leseni mpya mnayoipinga, Mahakama Maalum ya Mazingira hupokea rufaa ndani ya siku 60, kwa hiyo msipoteze muda kwenye vikao. Na Mahakama ya Mazingira na Ardhi inakaa hapa hapa Malindi.

Kesi hizi hushinda. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliotiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri, walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 na mahakama ya Mombasa mwaka 2020, pamoja na amri ya kusafisha. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Ilichukua miaka, na walioanza nayo walikuwa watu wa kawaida wenye vipimo vya damu za watoto wao mkononi.

14. Pesa za kusafisha zitatoka wapi?

Kwa mchafuzi, akipatikana. Asipopatikana: bajeti ya wadi, ambayo kikao chake cha maoni ya wananchi huwa na watu wachache kuliko inavyostahili, mfuko wa kaunti wa mabadiliko ya tabianchi, na kwa vyama vya watumiaji maji vilivyosajiliwa, Mfuko wa Udhamini wa Sekta ya Maji. Penye uchimbaji wa madini unaoendelea, sheria ya 2016 inagawa mrabaha asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii. Mtaro, tuta na kufunga njia havihitaji mfadhili.

## Yanayoulizwa na wachache

15. Naweza kujenga nyumba ndani ya timbo la zamani?

Ikiwa ni jiwe safi, kavu, na mhandisi ameliona, inawezekana. Choo ndicho tatizo. Choo cha shimo hapo ni bomba la moja kwa moja hadi kisimani. Jenga tangi lililozibwa, linalonyonywa na kupelekwa panapostahili.

16. Mkifunga matimbo, vijana wanaokata mawe watakula nini?

Hatusemi kukata mawe kukome. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe hayo, na mkono unaoshika shoka juani kutwa unastahili heshima. Tunachotaka ni kukata kwa vipande: udongo wa juu uwekwe kando, kipande kikimalizika urudishwe kabla ya kufungua kingine, na kukata kukome mita kadhaa juu ya maji. Wanaojua kulaza ukingo salama ni wakataji hao hao. Kazi ya kurejesha ikilipwa, waajiriwe wao kwanza.

17. Tunasikia mchanga mweusi wa Mambrui una titani. Ukija kuchimbwa, tudai nini?

Mdai kuona mpango wa kufunga mgodi kabla ya kijiko cha kwanza, na kiasi cha dhamana kwa shilingi. Mdai visima vyote vipimwe kabla ya kazi kuanza na majibu yabaki kijijini, kwa sababu bila kipimo cha awali hamtaweza kuthibitisha lolote baadaye. Wachagueni watu waende Kwale, ambako uchimbaji wa titani ulikoma Desemba 2024, wakaone kwa macho ardhi iliyorejeshwa na kuzungumza na wenyeji bila kampuni kuwepo.

18. Sisi tuko Lamu, tunakata mawe Maweni kisiwani Manda. Majibu haya yanatuhusu?

Yanawahusu zaidi. Kisiwa kina maji matamu machache na bahari imekizunguka pande zote, kwa hiyo onyo la chumvi katika swali la 2 ni kali zaidi kwenu: msipige pampu timbo kabisa. Kwa Lamu mjini, maji ya visima yanategemea mvua inayohifadhiwa na milima ya mchanga ya Shela. Anayechota mchanga huo kujengea anapunguza maji ya mji mzima, na malalamiko yake yafuate njia ile ile ya swali la 13.